Kimya cha Ngatia

Kwetu Wamagana husemwa kwamba mwomboko si kazi, ni hatua mbili na kuinama. Aliyesema hivyo hakuwahi kukaa nyuma ya kinanda. Mchezaji akikosea hatua anacheka, anamwomba radhi mwenzake aliyemkanyaga, na ngoma inaendelea. Mpiga kinanda akikosea, kundi zima la wazee linabaki limekunja magoti likimkodolea macho, na mmoja wao ni mama yake mzazi.

Huyo mpiga kinanda ni mimi. Naitwa Murugi, binti wa Ngatia. Mtajie mtu yeyote mzima wa Tetu jina la baba yangu, atatabasamu kwanza kabla ya kukujibu. Baba alipiga kinanda cha mkono, kile cha kuvuta na kusukuma, tangu aliporudi kutoka vita vya Bama, alikopelekwa kama askari, mpaka vidole vilipomkatalia. Tulimzika mwaka wa 1973, mvua ya masika ikinyesha. Watu walikuja wengi, na kila aliyesimama kusema neno alizungumzia jambo moja tu, kimya chake.

Ilikuwa hivi. Wimbo umekolea, wachezaji wamepiga hatua zao mbili, wameinama, mara kinanda kinanyamaza. Shangazi yangu Kabura, anayegonga ile pete ya chuma tunayoiita karing'aring'a, anabaki ameshika nondo yake hewani. Wachezaji nao hawanyooki. Hiyo ni sheria ya kikundi chetu na hutaikuta kwa wengine: muziki ukikatika, unakaa pale pale ulipoinamia. Ukinyooka umemtukana mpigaji, umetangaza kwamba amekwisha. Basi wanakaa, magoti yanaanza kulalamika, wanawake wanaanza kucheka chini kwa chini, na hapo ndipo baba alipotupa sauti ambayo hakuna aliyeitarajia, akawainua wote kwa pamoja. Watu walitoka Othaya na Karatina kuja kuinamishwa na baba yangu.

Mimi nilikitaka kimya kile kuliko nilivyotaka mume, na mama alinikumbusha mara kwa mara kwamba vyote viwili sikuwa navyo.

Kinanda chenyewe si chetu. Kile alichotoka nacho baba vitani kilichomwa wakati wa Hali ya Hatari, pamoja na nyumba. Hiki cha sasa kilinunuliwa na kikundi baada ya Uhuru, na kinalala nyumbani kwa yule anayekipiga. Kwetu kilikaa kwenye kigoda kando ya kiti cha baba. Kila Jumamosi jioni mama alikifuta vumbi kabla hata ya kuifuta meza, kisha anakifuta kiti. Baada ya mazishi aliendelea vile vile. Niliogopa kuwaza kiti kile bila kinanda kando yake. Kingekuwa kiti tu.

Na kulikuwa na Kingori. Kingori alitoka Sagana, pale njia panda ambapo madereva wa malori hulala, na alikuwa akipiga kinanda kwenye baa za huko. Alipiga vizuri. Hakukosea hata siku moja, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Baadhi ya wazee wetu walimtaka, kwanza kwa sababu hakosei, pili kwa sababu ni mwanamume. Mzee Nderitu, mkuu wa kikundi, ambaye hapendi ugomvi karibu na chakula wala karibu na muziki, aliukata mzozo mara moja.

"Desemba ni Jamhuri ya kumi, na sisi tumeitwa tucheze Nyeri mbele ya watu," alisema. "Mwari wa Ngatia atapiga. Akiweza, kinanda inabaki kwao. Akishindwa, inaenda Sagana. Hiyo maneno imeisha."

Sasa nieleze kitu ambacho mpaka leo sikielewi. Peke yangu sikushindwa. Jioni nikishamaliza kukamua, nilikaa zizini na ng'ombe wetu, nikapiga nyimbo zote za baba bila doa. Nilikuwa mkali kwa nafsi yangu. Kidole kikiteleza mahali popote, nasimama, narudi mwanzo. Kikiteleza tena, narudi tena. Sikuruhusu kosa lipite. Kisha nilipofika penye kimya nilinyamaza kama baba, nikihesabu moyoni. Nilijaribu kuhesabu kidogo, nikajaribu kuhesabu sana. Kikiwa kifupi kilionekana kama nimepigwa kwikwi, kikiwa kirefu ng'ombe aligeuka kunitazama. Urefu wa baba sikuupata.

Mwezi wa nane nikapiga kwenye harusi ya binti wa Ngendo, jirani yetu. Nilianza vizuri. Katikati ya wimbo wa kwanza nikajiambia, sasa panakuja pale pagumu, na papo hapo vidole vikaniuliza mimi ni nani. Nikasimama. Wachezaji wakatabasamu huku wameinama, wakidhani wanaonjeshwa kimya cha Ngatia. Mimi nikafanya nililozoea, nikarudi mwanzo. Lakini mwanzo wa wimbo hupigwa watu wakiwa wima. Ikabidi wazee wa watu wajinyanyue bila muziki, mmoja mmoja, wakishikana mikono, waanze upya. Nilipofika pale pale nikapotea tena. Nikarudi mwanzo tena.

"Mwari wa Ngatia," Nderitu aliniambia baadaye, akiwa ameshika kiuno, "sisi si jeshi. Ati inama, inuka, inama, inuka."

Mama alifika nyumbani akajipaka mafuta ya kondoo gotini. Nilitamani ardhi inimeze.

Baada ya hapo kila mtu akawa daktari wangu. Shangazi Kabura alisema nifunge na kuomba. Ngendo alisema niwatazame watu kama kabichi shambani. Mke wa Nderitu alisema nisiwatazame kabisa, nifumbe macho, na mume wake akasema hapana, nimtazame mtu mmoja tu anayenipenda, kisha akanipa pembe ya muratina, pombe yetu ya asali, nipunguze baridi ya tumbo. Niliinywa. Jioni ile nilipiga bila woga hata kidogo, wimbo ambao hakuna aliyeuomba, na shangazi akaninyang'anya kinanda. Ushauri wa wengi ulinichanganya kuliko woga wenyewe.

Aliyebaki ni Monicah, binti wa mjomba wangu. Alikuwa anasomea ualimu mjini na chuoni kwao walifundishwa kuongoza kwaya. Alikuja siku moja mwezi wa kumi, akakaa juu ya ndoo ya maziwa, akanisikiliza zizini mpaka giza likaanza kuingia.

"Ukikosea unafanyanga nini?" akauliza.

"Si umeona. Narudi mwanzo."

"Kila mara?"

"Kila mara. Sitaki kosa izoee mikono yangu."

"Basi mwanzo yako ni nzuri sana," akasema. "Umepiga mwanzo mara elfu. Katikati umefika mara ngapi? Na unajua kitu ingine umefanyia mazoezi sana? Kusimama."

Nilikasirika. Nilimwambia aende akafundishe watoto wa watu. Lakini maneno yake yalilala na mimi, na asubuhi nilikuwa wa kwanza kumtafuta.

Zizi letu lina nguzo nne. Monicah akaugawa wimbo sehemu nne, kila nguzo sehemu yake, akaokota gunzi la hindi. Akilirusha kwenye nguzo ya tatu, lazima niingie sehemu ya tatu bila kupitia za mbele. Akilirusha kwenye ya pili, vivyo hivyo. Aliwaita watoto wa majirani wakae juu ya boma wapige kelele wapendavyo, nao hawakuhitaji kuombwa mara mbili. Akanikataza kabisa kurudi nyuma.

"Ukikosea, songa mbele."

"Na nikisonga na kosa, si hapo ndio nimejifunza kosa?"

Monicah aliokota gunzi jingine. "Sijui," akasema. "Mwalimu alisema tusonge, mimi nikaandika."

"Na moyo ikianza kugonga?"

"Moyo inagonga hata ukienda kucheza. Hiyo ni mwili inajitayarisha. Wewe ndio unaiita woga."

Hilo nalo alikuwa ameliandika. Sikujua nimwamini au nimfukuze. Maana ukweli ni kwamba magunzi yaliniharibia hata kile nilichokijua. Wiki ya kwanza sikuweza kuingia nguzo ya tatu hata kidogo, ni kama kumwomba mtu aanze kusimulia safari kutoka darajani. Wiki ya pili hata mwanzo wangu mzuri ukapotea. Nilikuwa najua wimbo mmoja mzima, sasa nikawa na vipande vinne visivyojuana. Siku moja nililia, na watoto juu ya boma wakanyamaza kwa mara ya kwanza. Mama alipita na karai la majani ya ng'ombe, akanitazama kwa muda, akaenda zake. Nilimwuliza usiku huo, tukila, "Mama, kimya ya baba ilikuwa ndefu namna gani?"

"Ilikuwa tu kimya," akajibu. "Kula."

Basi Desemba ikafika. Mlima ulikuwa wazi asubuhi ile, na barabara ya mjini ilijaa watu waliovaa nguo zao za kanisani. Uwanjani palikuwa na jukwaa la mbao, bendera, na vipaza sauti vilivyopiga miluzi kila mtu alipovikaribia. Wazee wetu walivaa makoti na kofia, wanawake sketi ndefu na vitambaa vyeupe kichwani. Kingori naye alikuwepo, mbele kabisa, amekunja mikono. Mama alisimama na Nderitu, kwa sababu tangu zamani, baba akipiga, Nderitu ndiye aliyecheza na mama. Nilipokaa kwenye kiti jukwaani moyo ulianza kugonga. Nikajiambia, ni mwili unajitayarisha. Mwili ukanijibu kwa kutokwa jasho kwenye viganja.

Wimbo wa kwanza ulipita. Nilikosea mahali pawili, nikasonga, na hakuna aliyekufa. Hilo lilinishangaza mno hata nikaanza kulifikiria, na kufikiria ndiko kulikoniponza. Katika wimbo wa pili, hatua mbili, wameinama, kipaza sauti kikapiga mluzi, na vidole vyangu vikawa vitupu.

Kinanda kikanyamaza. Shangazi Kabura akashika nondo hewani. Wachezaji wote walikuwa chini, wawili wawili, hakuna aliyenyooka. Uwanja mzima ukatulia, na katika utulivu ule niliisikia bendera ikipigwa na upepo. Nilitafuta sehemu ya tatu, sikuiona. Nilitafuta nguzo za zizi akilini, nikaona nguzo tu, na ng'ombe. Nilitaka kurudi mwanzo. Mikono ilinivuta kwenda mwanzo kama ng'ombe anayejua njia ya kwao. Kingori alikuwa ameikunjua mikono yake.

Nikamtazama mama. Goti lake, lile bovu, lilikuwa linatetemeka ndani ya sketi. Nderitu alimshika kwa nguvu, lakini mama hakutaka kushikwa, alitaka kukaa pale. Alikuwa ananitazama usoni bila kupepesa. Nikaelewa kitu kimoja tu siku ile nzima, kwamba nikirudi mwanzo mama yangu atalazimika kujinyanyua mwenyewe mbele ya Nyeri yote. Nikavuta kinanda nikatupa chochote kinachoweza kumwinua mtu.

Ilikuwa nguzo ya nne. Niliruka sehemu nzima ya wimbo, na sauti ya kwanza haikuwa hata sahihi. Lakini Kabura aliidaka kwa chuma chake, na wote wakainuka kwa pamoja, sketi na makoti, na uwanja ukalipuka kwa shangwe. Mzee mmoja kule nyuma aliita jina la baba yangu, wengine wakampokea. Nilipiga mpaka mwisho bila kujua napiga nini.

Nderitu alikuja akiwa anafuta machozi kwa kofia. "Beba kinanda yako twende nyumbani," akasema, na maneno ya Sagana yakaishia hapo.

Kingori mwenyewe alinifuata hadi nje ya uwanja. Nilidhani amekuja kunidharau. Alisimama, akakitazama kinanda mgongoni mwangu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyenyimwa chakula.

"Ile kimya," akasema. "Nimeijaribu miaka mingi. Nanyamaza, lakini watu wanajua tu nimenyamaza. Wewe nani alikufundisha?"

Nilimwambia ni ya ukoo. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha na aibu kwa pamoja, na kila aliyenipongeza njiani alinifanya nijione mwizi.

Jioni mama alikaa jikoni, mguu ndani ya karai la maji moto ya chumvi. Goti lilikuwa limevimba kama kiazi. Nilikiweka kinanda kwenye kigoda chake, nikaja kukaa karibu naye kando ya moto.

"Mama, nataka kukuambia kitu. Ile ya leo haikuwa kimya ya baba. Nilipotea. Nilikuwa sijui niko wapi."

"Najua."

"Ulijuaje?"

"Niliona uso," mama akasema. "Babako alikuwa anafanyanga uso hiyo hiyo."

Nilimtazama. Yeye alikuwa anatazama maji.

"Siku gani?"

"Kila siku. Tangu atoke Bama kichwa yake ilikuwa inakatika hivyo, kama redio. Anakula, inakatika. Anaongea, inakatika. Halafu inarudi. Watu hawakujua. Mimi nilijua kwa sababu nilikuwa bibi yake."

"Lakini watu walikuwa wanatoka Karatina kuja kuona."

"Eeh. Walikuja." Akatabasamu kidogo. "Mara ya kwanza ilikuwa hapa tu, kwa uwanja ya soko. Tumeoana juzi. Anapiga, sisi tumeinama, ikakatika. Nikaangalia, nikaona ule uso, na watu wameanza kugeuka. Nikasema kwa roho yangu, mimi nikinyooka sasa, wote watanyooka, na huyu mtu hatashika kinanda tena. Nikakaa. Nderitu akanivuta, nikakataa. Akaona nimekaa, akakaa. Wengine wakaona sisi, wakakaa. Halafu kichwa ikarudi akapiga, na watu wakafikiri ni maarifa."

Sheria ya kikundi chetu, ile nisiyoikuta kwa wengine. Nilikuwa nimeambiwa tangu utotoni kwamba iliwekwa na wazee.

"Yeye alijua ulifanya hivyo?"

"Hatukuongea hiyo maneno. Lakini hiyo usiku alinipaka mafuta kwa goti, na sikuwa nimemwambia inauma."

Nilihisi hasira, nikahisi huruma, kisha nikakumbuka jioni zote zile zizini nikihesabu moyoni urefu wa ugonjwa wa baba yangu. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia.

"Ungejua ni kupotea," mama akasema, "ungekubali kupotea?"

Nikafikiri. Nisingekubali. Ningelitafutia dawa jambo lile, nirudi mwanzo, nirudi mwanzo, mpaka kinanda kiende Sagana. Au labda nisingefanya hivyo. Sijui. Nilichukua birika nikaongeza maji ya moto kwenye karai.

"Pole pole," mama akasema. "Na usiongeze hiyo kimya tena kabla Pasaka. Hii goti si ya chuma."

Niliutoa mguu wake majini, nikaupumzisha juu ya kiti nilichokuwa nimekalia, nikaenda kuitafuta chupa ya mafuta ya kondoo. Ilikuwa kwenye rafu juu ya kiti cha baba, mahali ilipokaa siku zote, na ndipo nikajiuliza kwa mara ya kwanza kwa nini ilikaa pale, karibu na mkono wa baba na si wa mama.